Nilipotolewa Kwenye Foleni ya Kitubio

Nakumbuka siku moja ya Majilio, Krismasi ikikaribia, mwanangu, nilipotolewa kwenye foleni ya kitubio, ya kuungama kwa padre, mbele ya parokia nzima. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, mwalimu wa kwaya, shati limepigwa pasi na kichwa kimejaa Krismasi. Leo nacheka nikikumbuka. Siku hiyo sikucheka hata kidogo.

Mwaka ule nilitaka kwaya yetu iimbe vizuri kuliko kwaya zote za Eastlands hapa Nairobi. Mazoezi yalikuwa kila jioni, saa kumi na moja na nusu kamili. Mchelewaji alikuwa mmoja tu, Barasa, mwimbaji wetu wa sauti ya besi. Alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha sufuria kule Industrial Area, na kutoka huko alikuja kwa miguu. Jioni moja aliingia tukiwa katikati ya wimbo, nami nikasimamisha kila mtu. Nikamwambia kwamba kwaya si mahali pa vibarua kuja kupumzikia, aende zake. Watu arobaini walisikia. Barasa akaweka daftari lake la nyimbo chini, akatoka. Jumapili iliyofuata hakuonekana kwenye Misa, na iliyofuata pia, yeye ambaye hakuwa akikosa. Mimi nikajiambia kwamba amejiondoa mwenyewe. Nilikuwa na kiburi, mwanangu, nacho kiburi changu kilijua kupiga magoti vizuri sana.

Basi ikafika siku ya kitubio, ambapo mapadre wa parokia jirani huja kusaidia na foleni huzunguka kanisa. Mama Nyambura, katekista wetu, ndiye aliyekuwa akipanga watu. Alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya chini, na hata padre alimwogopa kidogo. Akaja akasimama kando yangu.

"Mwalimu, umeongea na Barasa?"

"Bado, Mama. Nitamtafuta Krismasi ikipita."

"Basi toka kwa laini. Padre utampata hata kesho. Huyo mwenzako amekaa kwake akidhani ni kanisa lote lilimfukuza."

Nikatoka. Watu waliniangalia, wengine wakijifanya wanasali. Nilikasirika hadi masikio yakawaka moto, na kwa hasira hiyohiyo nikatembea hadi Mathare, alikokaa Barasa. Nikamkuta nje ya mlango akifua ovaroli.

"Niaje, mwalimu," akasema bila kuinuka.

"Barasa, nisamehe kwa yale niliyosema. Lakini na wewe ulikuwa unachelewa sana."

Akakamua ovaroli, akaianika. "Umekuja kuniomba msamaha ama umekuja kunigombeza kwangu? Hiyo 'lakini' yako rudi nayo. Siku utakuja bila hiyo, nitakusikiza."

Nilirudi nikimlaumu yeye. Siku mbili nilizunguka nikijaribu maneno mengine, na kila mara nilijikuta nimeweka "lakini" mahali fulani. Hapo ndipo nilipoogopa. Niliona kwamba sijutii chochote, ninataka tu kurudi kwenye foleni.

Siku ya tatu nikaomba ruhusa kazini, nikaenda kusimama nje ya geti la kile kiwanda. Vibarua waliachiliwa saa kumi na moja, wakikaguliwa mifuko mmoja mmoja. Barasa alitoka karibu wa mwisho. Kumbe hata angekimbia, hangefika mazoezini kwa wakati. Mikono yake ilikuwa imejaa alama za kuungua. Nilikuwa nimeimba naye miaka miwili na sikuwahi kuitazama ile mikono.

"Nilikutusi mbele ya watu," nikasema. "Nimekosa."

Akangoja. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Na wale watu? Si pia wao walisikia?"

Tukaenda pamoja kwa miguu hadi kanisani, tukachelewa sote wawili. Nikasimama mbele ya wanakwaya, nikarudia maneno yaleyale, kisha nikanyamaza. Barasa akapita, akaketi mahali pake. "Sawa," akasema, "tuimbe." Wakaanza bila mimi, maana nilikuwa nalia na sikuweza kuongoza.

Kesho yake nikaenda kuungama. Foleni haikuwepo tena, tulikuwa padre na mimi tu.

Sasa wewe, mwanangu, ninakuona hapo mtaani Tassia. Umepaka nyumba rangi, umebadilisha mapazia, umeshakata tiketi ya kwenda ushago, kule kijijini. Sikukatazi. Ila Majilio ni wiki nne tu, na kuna mtu ambaye humsalimii. Unamjua, jina lake limekujia sasa hivi. Usimtumie ujumbe kwa simu. Nenda kwake mwenyewe, wiki hii, kabla hujaenda kwa padre. Taja kosa lako, kisha unyamaze, hata kama na yeye ana lake. Akikufukuza, rudi ujitayarishe upya, uende tena. Kama ulimtusi hadharani, mrudishie heshima yake hadharani, na usijali macho ya watu. Mimi yaliniangalia nikiwa kwenye foleni, nikaangaliwa tena nikilia, na bado niko hai.

Mungu akupe miguu ya kwenda na mdomo wa kusema kwa ufupi. Amlainishie moyo yule unayemwendea. Na Mtoto Yesu atakapozaliwa, awakute mnaongea.