Kamati Niliyoiunda kwa Tangazo la Mlangoni

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi niliyobandika tangazo kwenye mlango wa kantini ya kambi yetu ya wafanyakazi wa kigeni, Industrial Area, kule nchi ya Waarabu, nikajiona kidume. Nilikuwa katibu wa umoja wa Watanzania pale kambini. Mimi na mwenyekiti, Mzee Shomari wa Tanga, hatukuwa tukipikika chungu kimoja, na nusu ya watu walikuwa upande wangu.

Ulikuwa mwaka ule Wapalestina walipogawanyika. Runinga ya kantini haikuwa na habari nyingine: rais wao amevunja serikali na kuunda ya dharura kwa amri, na waliofukuzwa wamekataa kutoka Gaza. Mimi, kwa ujinga wangu, nikaona hapo kuna maarifa. Nikaandika kwamba kamati imevunjwa, sasa inaongoza kamati ya dharura, mwenyekiti ni mimi. Shomari aliendelea na vikao vyake.

Haukupita mwezi, Bakari fundi bomba akafariki. Kwao Pangani walimtaka wamzike wenyewe, na kampuni ilihitaji barua ya umoja ya kumtaja mtu wa kuusindikiza mwili. Zikafika barua mbili, yangu na ya Shomari, kila moja ikiikana nyingine. Karani wa kampuni akatuambia tukapatane kwanza. Bakari akalala mochwari siku tisa, na uani kwa mama yake turubai la msiba limeshafungwa.

Msimamizi wetu, Abu Samir, Mpalestina wa Gaza, akaniita. Nikamweleza kwa kujigamba kwamba nimefuata mfano wa kwao. Hakucheka.

“Mimi nyumba yangu iko Gaza, ndugu yangu yuko Ramallah,” alisema. “Kila mmoja ana serikali yake, na kila serikali inasema ile nyingine si halali. Mama yetu anaumwa, na kibali cha kumtoa Gaza akatibiwe hatujui tukaombe kwa nani. Hicho ndicho ulichokiona kizuri?”

Niliona aibu, mwanangu. Nikabandua tangazo, nikaenda kumwomba radhi Shomari. Alisaini barua, akaniandika mimi wa kumsindikiza Bakari. Pangani, mama yake aliniuliza kilichomchelewesha mwanawe. Nikamwambia ni ndege. Mama huyo naye amekwishafariki, na sikumrudia kumwambia kweli.

Sasa nasikia ninyi vijana wa mtaa wa Abu Hamour, mji uleule, mna kamati mbili. Iteni kikao cha wote, mzozane mpaka mchoke, lakini mtoke na mwenyekiti mmoja. Na anayejiita mwenyekiti wa dharura, mpangieni siku ya kuondoka kabla hajakalia kiti. Mungu awape subira ya kuvumiliana, na asikufikishe mbele ya mama wa mtu ukakosa la kumwambia.