Bahari Iliyoondoka Kabla Hatujafika

Mama mkwe wangu, Mokami, ana miaka sabini na miwili na hajawahi kula mbele yangu. Kwetu Nyamwaga mwanamume na mama mkwe wake husalimiana kwa mbali, hawapeani mikono, wala hawalali chini ya paa moja. Kwa hiyo alipomwambia binti yake, yaani mke wangu Philomena, kwamba anataka kuona bahari kabla hajafa, nilijua kazi haitakuwa nauli peke yake. Ziwa alikwisha kuliona kule Musoma. Alisema lile lina visiwa, macho yanapata pa kushika.

Philomena ni muuguzi wa zahanati. Kwa miezi miwili alitafuta hoteli za Unguja kwenye simu. Za kifahari tulizipita, na za bei ya kati zikabaki tatu. Ya kwanza ilikuwa na bwawa mbele ya vyumba, wageni wakiwa nusu uchi. Tuliifuta bila mjadala. Ya pili, ambayo Philomena aliipenda sana, ilikuwa nyumba ya familia: vyumba viwili, sebule moja, choo kimoja. Mama alipoelezwa aliendelea kumenya ndizi zake.

"Choo kimoja na baba Wangwe?" akasema, maana ndivyo anavyoniita. "Basi hiyo bahari mniletee kwenye chupa."

Tukachukua ya tatu, huko Jambiani: vibanda vya makuti vilivyotengana, feni badala ya kiyoyozi. Uwezo wetu ulikuwa wa kulala siku moja tu. Nilipiga simu nikauliza umbali wa kibanda na kibanda, vyoo, vyandarua, na kama wanapika ugali. Majibu yote niliyaandika. Habari ya maji sikuuliza. Maji tunayoyajua sisi hukaa mahali pake.

Tulifika saa nne asubuhi. Mama alimwachia Philomena mizigo, akavipita vibanda, akaenda moja kwa moja hadi ufukweni. Bahari haikuwepo. Palikuwa na mchanga mweupe uliolowa, madimbwi, wanawake walioinama kwenye vigingi vya mwani, na mstari wa povu mbali sana. Nilisimama hatua thelathini nyuma yake. Nimemvusha mama wa watu nchi nzima kuja kuona tope.

Zuleha, binti wa mapokezi, alikuja na dafu.

"Shikamoo, bibi. Maji yamekupwa. Saa kumi yatakuwa hapo ulipokanyaga."

"Nani anayarudisha?"

Zuleha akaelekeza kidole juu. Mama akaketi pale pale, na hata mchana hakukubali kuondoka.

Yalianza kurudi saa saba, bila kelele, kama ng'ombe wanaoijua njia ya nyumbani. Madimbwi yakaungana. Wanawake wakabeba magunia yao wakatoka. Vigingi vikamezwa kimoja kimoja, na weupe wote ule ukageuka rangi ambayo mpaka leo sijaipatia jina. Maji yalipomfikia vidoleni Mama alisimama, akavua kitambaa cha kichwani kama mtu avuaye kofia mbele ya mgeni mkubwa. Nikageuza uso, maana kichwa cha mama mkwe hakitazamwi kikiwa wazi.

"Baba Wangwe, upo?"

"Nipo, mama."

"Sogea. Hiki si kitu cha kuangalia kwa mbali."

Nikasogea mpaka maji yakanifika vifundoni. Kati yetu zilibaki hatua kama kumi, zote zimejaa bahari.