Pigo la Mia

Saa sita kamili mchana, Hester Pargeter anafuta viganja kwenye aproni, anashika kamba na kuvuta. Juu ya mnara wa kanisa kengele inalia mara moja, kwa sauti nzito, maana ulimi wake umefungwa ngozi ya msiba. Hester anatoa harage moja bakuli la kushoto, analitia la kulia, kisha anasubiri dakika nzima.

Mume wa Malkia amefariki jana akiwa na miaka tisini na tisa. Desturi ya hapa Uingereza ni pigo moja kwa kila mwaka aliouishi. Maharage aliyahesabu mara tatu.

"Nikikosea, mji mzima utajua," anasema. "Wapo nje wanahesabu."

Kweli wapo, na maua yao yamejaa getini.

"Miaka yote ile anatembea hatua mbili nyuma ya mkewe," anasema mama mmoja. "Wangu hata mkoba hanishikii!"

"Kwani wewe Malkia?" anadakia mumewe.

Wanacheka. Kengele inalia, wanainamisha vichwa.

Hester, miaka 66, analipwa pauni themanini kwa wiki kufagia kanisa. Kengele anapiga bure. Ilikuwa ya mumewe, Alwyn, aliyeipiga miaka arobaini na mmoja hadi korona ilipomchukua mwaka jana. Kanisa lilikuwa limefungwa. Walimzika watu sita, na kengele haikulia.

"Ameupigia mji mzima," anasema Hester. "Yeye hakupigiwa hata moja."

Saa saba na nusu imepita, bakuli la kushoto li tupu. Kazi imekwisha. Hester haachii kamba. Anavuta tena.

Huko nje minong'ono inaanza. Cuthbert Yelland, muuza nyama, anachungulia mlangoni, kofia mkononi.

"Wee Hester! Mbona umemwongezea mwaka marehemu?"

Hester ameegemea ukuta, analia waziwazi. "Lile halikuwa lake, Cuthbert. Lilikuwa la Alwyn."

Muuza nyama anasogea ndani. Nyuma yake anaingia Padri Rowena Thwaite, na kabla hajaulizwa, Hester anamnyooshea ufunguo wa mnara. Amevuruga msiba wa taifa, na anajua.

Padri haupokei.

"Alwyn alikuwa na miaka mingapi?"

"Sabini na miwili, Padri."

"Basi bado mapigo sabini na moja."

Yatapigwa Jumamosi ijayo, mazishi ya mkubwa yakishapita. Yelland amejitolea kushika bakuli.

"Huyu namjua," anasema. "Akiachwa peke yake atapiga mpaka Krismasi!"

Hester anacheka huku machozi yanamtoka. Kisha anakusanya maharage yake, moja moja.

"Sitaki maua," anasema. "Nataka watu wasimame pale nje, kama leo. Wamhesabie na yeye."