Jicho la Baba Wairimu

Sikutoka Timboroa kwenda kutembea. Nilikuwa nampeleka mume wangu, Baba Wairimu, Eldoret, tuokoe jicho lake la kulia.

Siku iliyotangulia alikuwa shambani akigonga jembe kwa nyundo kwa sababu lilikuwa linacheza kwenye mpini. Kipande cha chuma kikaruka, kikamgonga jichoni. Hakuona damu. "Ni uchafu tu," akasema, akaendelea na viazi vyake. Jioni jicho lilipoanza kuuma, akachukua dawa ya agrovet, ile tunayopaka ng'ombe machoni, akajipaka. Nilimgombeza hadi nikachoka. Eti ng'ombe wamepona, yeye ni nani asipone!

Asubuhi, ukungu ukiwa bado msituni, tulipanda pikapu ya jirani anayepeleka maziwa mjini. Jicho lilikuwa limefura, usaha umejaa ndani, nyuma ya kioo cha mboni.

Tulipofika mji wa Burnt Forest, alifunika jicho la kushoto, lile zima, kwa kiganja, akijipima. "Mama Wairimu, jua limetoka?" Lilikuwa linatupiga usoni. Niliogopa, nikamhimiza jirani aongeze mwendo.

Eldoret, daktari wa macho, msichana mpole, alimulika, akapiga picha. Chuma kilikuwa ndani.

"Mzee, haya si macho mekundu ya kawaida. Chuma kimeingia na vijidudu vya udongo. Viko ndani kabisa, dawa ya kupaka haifiki huko."

"Na hiyo ya ng'ombe?" nikauliza.

"Hata ya watu haingefika, Mama. Kilichomuumiza ni kulala na chuma jichoni."

Hakungoja majibu ya vipimo. Alivuta maji ya jicho kwa sindano yapelekwe maabara, akadunga dawa mle mle ndani, kisha wakakitoa chuma. Majibu yalipokuja, alikuwa amekisia sawa: kijidudu kisichopatikana mara nyingi machoni, lakini kikiingia hakichelewi kuharibu.

"Dawa imekiua," akasema, "lakini jicho kilikuwa kimeshalimaliza. Pole sana."

Baba Wairimu alisema, "Sawa." Mimi ndiye niliyelia, tena kwa sauti, watu wakiniangalia.

Tulirudi Timboroa mvua ikinyesha. Sasa yeyote anayegonga chuma namwambia: kikikurukia jichoni, hata bila damu, usilale nacho. Wengine hucheka.

Siku hiyo tuliporudi, Baba Wairimu hakuingia nyumbani kwanza. Alienda stoo, akapapasa hadi akalipata jembe, akalitikisa.

"Limekaza," akasema.

Na kweli lilikaza. Nalilimia mpaka leo, halijacheza hata kidogo.