Kosa Langu Walimvika Igoki

Nakumbuka Jumapili ile vizuri kuliko ninavyokumbuka Jumapili iliyopita, mwanangu. Ibada ilikuwa imekwisha, watu wamesimama uwanjani mwa kanisa letu pale Ruiri, na mbuzi wanne wamefungwa kwenye ua wakingoja kugawiwa. Upepo wa Ruiri unaujua, ule wa kutia vumbi mpaka kwenye meno. Mimi nilikuwa mbele, nimevaa koti jeupe, nimetoka chuo cha mifugo mwaka uliotangulia. Watu wazima kuliko mimi waliniita daktari. Sikuwa daktari, lakini sikumsahihisha hata mmoja.

Kikundi chetu kilifuga mbuzi wa maziwa. Sheria yake ilikuwa nzuri: ukipewa jike, mwanambuzi wake wa kwanza wa kike unamlea mpaka aachishwe kunyonya na kupata mwili, kisha unampa jirani anayefuata kwenye orodha, naye hivyo hivyo. Beberu wa kupanda majike hao wote alikuwa mmoja, na aliyemchagua ni mimi. Alikuwa beberu wa haki, mrefu, kifua kipana, kichwa laini bila pembe kabisa. Nilipenda mbuzi vipara. Pembe zilikuwa zikiumiza watoto na kupasua mabanda, nami nikajiambia kwamba kikundi changu kitakuwa cha kisasa, hakitakuwa na pembe hata moja. Hivyo hata majike nikawachagua vipara.

Na nilikuwa nimefundishwa. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Mwalimu wetu chuoni aliandika ubaoni, akapiga mstari chini kwa nguvu mpaka chaki ikakatika: kipara usimkutanishe na kipara, mmoja wao lazima awe na pembe. Nilinakili kwenye daftari, nikajibu kwenye mtihani, nikapita. Halafu nikaja nyumbani nikafanya nilichotaka. Kusoma si kuelimika, mwanangu.

Sasa nikuambie habari za Igoki. Alikuwa mke wa jirani yetu Mutwiri, ametoka Mbeere, kule chini kwenye joto ambako watu wanajua mbuzi kuliko sisi tunavyojua viazi. Alikuwa mtu wa kazi na wa maneno machache, na Kimeru chake kilikuwa na lafudhi ya kwao ambayo wanawake wa huku waliigiza wakicheka. Alikuwa ameolewa miaka sita na hakuwa na mtoto. Ujue basi alivyokuwa akiangaliwa. Kila alipopita na mzigo wa nyasi, kuna jicho lililoshuka mpaka kwenye tumbo lake. Lakini jike aliyepewa na kikundi alizaa, tena mwanambuzi mzuri mwenye manyoya ya kung'aa, na Igoki alimlea miezi mitano kama yai. Jumapili ile alikuwa amemleta ampe jirani aliyefuata. Alikuwa amevaa kitambaa kipya kichwani. Nilikiona.

Kazi yangu ilikuwa kumkagua kila mbuzi kabla hajakabidhiwa. Nilipomfikia wa Igoki, pua iliniambia kabla ya mkono. Alinuka beberu, harufu inayoanza tu mnyama akikomaa. Nikainua mkia. Umbo lilikuwa la kike, lakini dogo kupita kiasi, na ndani yake pamechomoza kitu mfano wa punje ya njegere. Nikapapasa kwenye nyonga, kidole kikagusa uvimbe mgumu chini ya ngozi, korodani iliyojificha.

Hapo ngoja nikueleze, maana sitaki uondoke hapa na ujinga ambao mimi niliupalilia. Mimba ya mbuzi ikiwa changa, kila kijusi huwa na jozi ya tezi ambazo bado hazijaamua njia. Baada ya muda mwili huzipa agizo. Za yule atakayekuwa jike huwa vifuko vya mayai, na za yule atakayekuwa dume huwa korodani. Sasa ule urithi wa kukosa pembe ukitoka kwa mzazi mmoja tu, hauna neno. Ukitoka kwa baba na kwa mama pamoja, ukamkuta kijusi aliyepaswa kuwa jike, huvuruga lile agizo, tezi zake zikashika njia ya kiume huku sehemu nyingine za mwili zikibaki njia panda. Huzaliwa huntha, hawezi kuzaa na hawezi kupanda. Si majike wote wanaozaliwa hivyo, ni mmoja katika kadhaa, ndiyo maana wengine kwenye kikundi walikuwa salama. Hamna mchawi humo wala laana. Palikuwa na beberu kipara, jike kipara na mjinga aliyewakutanisha.

Mjinga huyo alijua yote hayo palepale, mkia ukiwa bado mkononi mwake. Na alinyamaza.

Jirani aliyekuwa apokee akauliza mbona ninakawia. Akainama akaangalia mwenyewe, akaruka nyuma kama aliyekanyaga moto. Akamgeukia Igoki akamwuliza mbele ya kanisa zima amemletea nini. Watu wakasogea. Mama yake Mutwiri, ambaye kwa miaka sita alikuwa akisema pembeni, siku hiyo alisema wazi. Alisema mwanamke yule amefunga nyumba ya mwanawe, na sasa amefunga hata zizi. Igoki alinitazama mimi. Hakumtazama mumewe, alinitazama mimi, maana mimi ndiye niliyevaa koti. Nikajifanya ninafunga kamba ya mbuzi mwingine.

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Mimi nimeona likiharibika, tena wazee wakiwa wamekaa vitini. Jumatano ukoo ulikusanyika nyumbani kwa kina Mutwiri, nami nikaitwa kama mtaalamu. Mzee aliyeongoza kikao aliniuliza kwa heshima, na ile heshima ndiyo iliyonimaliza. Alitaka kujua kama jambo hili ni ugonjwa unaojulikana vitabuni.

Kama ningesema ndiyo, angeuliza umetoka wapi. Na ningelazimika kusema umetoka kwangu. Koti jeupe lingevuliwa siku hiyo. Kwa hiyo nikasema, kwa sauti ya kisomi, "Mzee, mambo mengine hata vitabu havijui."

Maneno sita, mwanangu. Ulimi hauna mfupa, lakini unavunja mifupa ya wengine.

Waliamua mwanambuzi auawe wala asiliwe. Alikuwa na afya, alikuwa akila vizuri, hakuwa amemkosea mtu. Wakaamua pia Igoki arudi kwao "apumzike". Mutwiri alikuwa amekaa pale, mwanamume mzima, akichora ardhi kwa kijiti. Hakuna aliyemwuliza yeye kama amewahi kupimwa hospitalini. Hakuna hata aliyefikiria kwamba mwanamume hupimwa. Kunya anye kuku, akinya bata ameharisha. Nikisimulia hapa nasikia damu ikinipanda, na nimeshasimulia mara nyingi. Kikao kizima cha watu wenye akili, wanaojua kwamba beberu akishindwa kupachika mimba wanambadilisha, wala hawamlaumu jike! Kwa mbuzi walikuwa na hekima. Kwa mtu waliisahau mlangoni. Igoki aliondoka kesho yake, nguo zake kwenye mfuko wa plastiki.

Siku ya tatu baada ya kikao, baba yake Igoki alikuja. Jina lake Mzee Njiru, mwembamba, viatu vya tairi, majani machache ya muguka ya kutafuna shavuni. Nilitegemea aje na matusi. Alisalimia kila mtu, akakataa chai, akasema hakuja kwa ajili ya binti, amekuja kuona mbuzi. Waliomwua mwanambuzi wakamwambia hayupo tena. Basi akaomba kumwona jike aliyemzaa. Akapitisha kiganja juu ya kichwa chake, polepole, pale ambapo pembe zingekuwa. Akauliza beberu yuko wapi, mzee akaongozwa mpaka nyumbani kwangu, alikofugwa. Akampapasa beberu vilevile. Kisha akafuta mkono kwenye koti lake akaniuliza nani aliyewakutanisha hawa wawili.

Nikasema ni mimi.

"Kwetu kila mzee mwenye beberu anajua," akasema. "Kipara na kipara hatuwapeleki pamoja. Babu yangu hakujua sababu, lakini alijua matokeo. Wewe ulifundishwa?"

Nikasema nilifundishwa.

Halafu akaniambia neno ambalo nimelibeba tangu nikiwa na nywele nyeusi: "Kijana, mimi sikusoma, wewe umesoma, na sote wawili tulijua. Lakini mimi nilikuwa mbali. Wewe ulikuwa umesimama hapo, ukamwacha mtoto wangu avae kosa lako kama nguo."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alichukua fimbo yake akaenda barabarani kutafuta gari la kumrudisha.

Jumapili iliyofuata niliomba nafasi baada ya matangazo. Nikasimama nikaeleza yote, ubao wa mwalimu, beberu, daftari, na uongo wangu kikaoni. Usifikiri watu walilia. Wengine walicheka. Mzee wa kikao alitoka nje kabla sijamaliza, na kwa muda mrefu hakunijibu salamu. Mama yake Mutwiri alisema hata kama kosa la mbuzi ni langu, tumbo ni la Igoki. Kikundi kilininyang'anya kazi ya ukaguzi, na kilikuwa na haki. Nilichofanikiwa ni kimoja: beberu yule walikubali asichinjwe, akapelekwa kwa wenye majike wa pembe, na huko alizalisha vizuri mpaka akazeeka. Hata yeye hakuwa na kosa.

Kisha nikashuka Mbeere kumwomba Igoki msamaha. Nilimkuta akikamua, hakusimama. Nilisema niliyoyasema. Nikaongeza kwamba sasa ukweli umejulikana, anaweza kurudi. Alimaliza kukamua, akafunika chombo, ndipo akaniangalia.

"Daktari," akasema, "nirudi kwa watu waliongoja mbuzi azaliwe vibaya ndipo waniambie waliyokuwa nayo moyoni?"

Hakurudi. Alibaki kwao, akafuga, na leo wanaotaka mbuzi wazuri wanatoka mpaka Embu mjini kumtafuta. Bado yuko hai. Tukikutana sokoni huniita Daktari, kwa upole kabisa, nami kila mara huangalia viatu vyangu. Mutwiri alioa tena, na mke wa pili naye hakupata mtoto. Yule mama yake Mutwiri alipolalamika, safari hii majirani waliangalia pembeni. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na Mutwiri alificha uchi wake nyuma ya wake wawili mpaka akaingia kaburini bila kupimwa hata mara moja.

Sasa unajua kwa nini juzi niliitupa ile simu mezani. Mlikuja mkicheka, mkaniwekea video ya mwanambuzi huntha wa yule mjane wa kule juu, mmemshika huyo mnyama miguu mmempanua mbele ya kamera, na maneno chini yake kwamba kwa mjane fulani kuna mambo. Watu wasiomjua wameandika wanayoyaandika. Mmoja anasema aombewe, mwingine anasema ahame. Na wewe una diploma. Una mtandao mzima mfukoni. Mimi nilikuwa na ubao mmoja na daftari moja, na bado sikuwa na udhuru. Wewe utamwambia Mungu nini? Mlimwuliza huyo mama mbuzi wake alipandwa na nani? Mlipapasa kichwa cha jike? Hamkuuliza. Ilikuwa rahisi kucheka. Kuku wa maskini hatagi, na akitaga haangui, na siku hizi akiangua wanampiga picha.

Nisikilize basi, mwanangu, na nitasema bila kuzunguka. Futa ile video leo, kisha upande hadi kwa yule mama umweleze jambo lenyewe lilivyo, ukiwa umesimama kwake, si kwenye simu. Waambie na wale wengine uliowatumia. Ukifuga mbuzi wa maziwa, beberu kipara mpe jike mwenye pembe, na jike kipara mpe beberu mwenye pembe, wala usidanganywe na uzuri wa kichwa laini. Ukiona mnyama aliyezaliwa tofauti, tafuta sababu kabla hujatafuta mkosaji. Na akiwa ni binadamu aliyezaliwa hivyo, basi ujue anakusikia, na mdomo wako ukae na adabu. Ukioa na mtoto akachelewa, nendeni hospitalini wawili, mkono kwa mkono, na wewe mwanamume uingie kwanza. Lakini zaidi ya yote, ukijua jambo linaloweza kumwokoa mtu, liseme hapo hapo, hata likikuvua koti. Koti hushonwa lingine. Mimi nililisema siku saba baadaye, na siku hizo saba zilitosha kuharibu maisha ya mtu.

Hasira yangu isikuogopeshe. Ninakupenda, ndiyo maana imetoka. Mungu aliyeuweka mlima huu juu yetu akupe zizi lenye afya na nyumba yenye amani, awe amekujalia watoto au hakukujalia. Akupe jicho la kuona na moyo wa kuuliza. Na siku ukweli utakapokuhitaji, akupe ulimi wa kuusema kabla mtu hajafungasha nguo zake.