Siku Binti Yangu Aliposimama Majini

Binti yangu alizaliwa mlegevu. Ukimnyanyua, kichwa kilianguka nyuma, mikono ikaning'inia kama kanga iliyoloa. Mama mkwe wangu, tuliyeishi naye Kikatiti, alimwogesha wiki nzima, halafu akaniuliza, "Mwanangu, huyu mtoto atakaza lini?"

Hakukaza. Wenzake walikaa, wakatambaa, wakakimbiza kuku. Yeye alilala mkekani akiwacheka wakidondoka. Maneno aliyapata mapema mno, lakini shingo tulimshikia. Ndipo daktari mmoja mjini Arusha akatueleza kwamba ni ugonjwa wa misuli, wa kurithi.

"Kila mmoja wenu amebeba sehemu yake bila kujua," alisema. "Dawa ya kuuondoa sina. Lakini akili yake ni nzima, na mazoezi yatamsaidia."

Nilikuwa nimejiandaa kuambiwa ni mimi niliyeuleta. Mume wangu akanishika mkono palepale mbele ya daktari, yeye ambaye hata kanisani hukaa mbali nami. Tuliporudi nyumbani akamwambia mama yake, "Mama, ugonjwa umetoka kwangu na kwake. Ni wetu sote."

Mama mkwe akafikiri kidogo. "Basi na mgongo wa kumbeba ni wetu sote," akasema, akamfunga mjukuu wake mgongoni na kwenda naye shambani kwenye migomba.

Binti yangu alipokuwa na miaka minane, dada anayemfanyisha mazoezi ya viungo alisema tumjaribu majini. Akatuombea nafasi kwenye bwawa la hoteli moja njia ya Usa River. Mama mkwe alikuja na kitenge chake cha kanisani, akakaa ukingoni akipiga kelele, "Mshikeni! Mshikeni mtoto!"

Maji yalimfika mtoto kifuani. Baba yake alimshika kiuno, yule dada akamnyoosha magoti.

"Baba, niachie."

"Utazama."

"Niachie kidogo tu."

Yule dada akaitikia kwa kichwa. Mume wangu akaachia, mikono yake ikabaki karibu. Mtoto akayumba, akauma mdomo, akasimama. Kisha akasogeza mguu mmoja mbele, na wa pili ukafuata.

"Bibi, unaniona? Natembea!"

Vigelegele alivyopiga bibi yake viliwatoa wapishi jikoni. Mimi niliingia majini na nguo zangu. Nilipomfikia, kichwa chake kilinigusa kwapani, nikashangaa. Miaka yote nilimjua akiwa amelala, amekaa au amebebwa.

"Kumbe wewe ni mrefu hivi?"

"Si nilikuwa nimekaa, mama," akanijibu.

Nchi kavu anatumia kiti cha magurudumu, na ataendelea kukitumia. Lakini Jumamosi ni siku yake. Huvuka bwawa zima kwa miguu yake, anapumzika, anarudi, na baba yake, asiyejua kuogelea, anamfuata nyuma akihema.