Sikio la Kushoto

Mume wa fundi cherehani mmoja alifanya kazi kwenye tanuru la kiwanda cha matofali miaka ishirini na mbili. Miaka mitano ya mwisho mbwa wao alimsindikiza kila asubuhi hadi lango kuu, na jioni akaenda kumpokea. Mke aliwasikia tangu wakiwa mbali: mume anampigia mbwa soga njia nzima, anacheka mpaka anakohoa. Akishavuka kizingiti, soga zinakatika.

"Maji ya kuoga yapo?"

Basi. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo ya mke.

Siku moja mume akaanguka kazini, asiinuke tena. Maiti ikatolewa kwa lango la nyuma. Mbwa, aliyekuwa lango kuu, hakuona kitu. Akakaa kumngoja, na akangoja miaka tisa. Mjane alimrudisha nyumbani kwa kamba mara tatu, na mara tatu akaikata kwa meno akarudi langoni. Wafanyakazi wakamlisha, wakamsifu, habari zake zikaenea mji mzima.

Mjane naye alilia, akafuta machozi, akarudi kwenye cherehani. Mwaka wa tatu akajishonea gauni jekundu. Siku hiyohiyo akalisikia lililosemwa dukani, tena kwa sauti: "Mbwa bado anangoja, mke keshavaa nyekundu!"

Gauni lile hakulivaa tena. Tangu hapo, kila aliposikia mbwa anasifiwa, aliondoka mahali hapo.

Mbwa alipokufa, wafanyakazi wakaamua ajengewe sanamu ya saruji palepale langoni. Mchongaji, kijana mpole asiyewahi kumwona mbwa mwenyewe, akaenda kubisha kwa mjane.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nimeambiwa wewe ndiye uliyemlea. Masikio yake yalikuwaje?"

Sikio la kushoto lilikuwa limelala, limejikunja kama ukosi uliopigwa pasi vibaya. Mume alikuwa na mazoea ya kulishika kwa vidole viwili huku akiongea. Mjane akakaza uzi kwenye sindano.

"Yalisimama yote mawili," akasema. "Wima kabisa."

Siku ya kuzindua, meneja aliitaja sanamu hiyo kuwa ya "kiumbe pekee ambacho hakikumsahau mwenzetu." Watu wakapiga makofi. Mjane, aliyesimama nyuma kabisa, hakupiga. Kitambaa kilipoondolewa, mlinzi mzee wa lango akasogea, akatazama, akatikisa kichwa.

"Huyu siye. Sikio moja lililala."

"Mama ndiye aliyenieleza," mchongaji akasema, akimtafuta kwa macho.

Watu wote wakageuka. Mjane angeweza kusingizia uzee.

"Nilimdanganya," akasema. "Kwa wivu."

Mtu akacheka. "Wivu wa mbwa, mama?"

"Ndiyo, wa mbwa! Miaka ishirini na mbili nimemngoja yule mwanamume kila jioni, maji yako motoni, na soga zake zote anazimalizia njiani. Alipokufa nikavaa gauni moja tu, mkaniona sina moyo. Mimi nani alinichonga?"

Meneja akakunja karatasi yake. Mjane akaondoka.

Jumatatu mchongaji alikuja tena. Hakulaumu. Alisema sikio la zamani amelivunja, amepaka saruji mbichi, na hajui likunjwe vipi.

Mjane akajitanda mtandio, wakaenda. Alilishika sikio kwa vidole viwili, akalikunja, akarudi nyuma kuangalia, akalikunja zaidi kidogo.

"Hapo," akasema.

"Umemsamehe, mama?" mlinzi akauliza kutoka kwenye kibanda chake.

"Nani, huyu? Wala." Akanawa mikono bombani. "Lakini ndivyo alivyokuwa."

Akashika njia ya nyumbani peke yake. Bado alikuwa na wivu.